Kitabu Juu ya Kitabu

Sogeeni karibu, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Nina mkutubi wa shule, mwandishi wa riwaya, mchapishaji wa mji mdogo na jaji mwenye wajukuu, na yote nitakayowasimulia yalitokea kweli.

Tuanze na mkutubi. Jina lake Steven Vander Ark, kwao Michigan, Marekani. Mnawajua wakutubi: hawawezi kupita mahali vitu vimelala shaghalabaghala wakaacha kuvipanga. Huyu alizipenda riwaya za Harry Potter, ambazo J.K. Rowling alianza kuzitoa Uingereza mwaka 1997, na alikuwa akizisoma kalamu ikiwa mkononi. Akikutana na jina la mchawi, analiandika. Akikutana na dawa, mnyama, mtaa, hata aina ya peremende, anaandika ni kitu gani na kinapatikana katika kitabu kipi. Riwaya zile zimesheheni vitu kama soko la mkesha wa Idi, kwa hiyo daftari lake lilinenepa upesi. Mwaka 2000 aliliweka kwenye intaneti, likiwa limepangwa kwa alfabeti, akaliita Harry Potter Lexicon. Aliyetaka kujua habari za joka fulani alifungua akasoma, bila kulipa hata senti.

Wasomaji walimiminika, na miongoni mwao alikuwamo mwenye hadithi mwenyewe. Mwaka 2004 Rowling aliipa tovuti ile tuzo aliyokuwa akiwatunuku mashabiki, akasimulia kwamba akiwa nje ya nyumbani akiandika, aliwahi kuingia saiba, yaani mkahawa wa intaneti, kimyakimya na kuangalia humo jambo alilolisahau, badala ya kwenda dukani kununua kitabu chake mwenyewe. Mwaka 2006 Vander Ark alitembelea mahali filamu ya tano ya Harry Potter ilipokuwa ikipigwa, na mtayarishaji wake akamwambia kuwa Warner Bros., kampuni yenye filamu hizo, hulitumia daftari lake karibu kila siku.

Hebu jitieni katika viatu vyake. Fikiria bibi yako ni msimulizi ambaye kijiji kizima humfuata jioni. Wewe huketi kando yake na daftari, unaandika kila jina analolitaja. Siku moja bibi anakuita mbele za watu: “Mjukuu wangu, hebu niangalizie hapo, yule jini wa kisimani nilimwita nani?” Utalala usingizi usiku ule? Mimi nisingelala. Na labda, bila kujua, ningeanza kuamini kwamba kisima kile ni changu pia.

Julai 2007 kilitoka kitabu cha saba, cha mwisho. Mwezi uliofuata Vander Ark alitafutwa na Roger Rapoport, mwenye kampuni ndogo ya uchapishaji iitwayo RDR Books, hukohuko Michigan, katika mji wa Muskegon. Alitaka daftari lile liwe kitabu cha kuuzwa. Vander Ark alisita. Kwa miaka mingi yeye mwenyewe alikuwa akiamini kwamba kulichapa na kuliuza kungekuwa kuvunja haki ya mwandishi. Rapoport alimtuliza, akamwambia ameshauliza na jambo hilo halina ubaya kisheria. Mkutubi akakubali, lakini alitaka mkataba useme wazi kwamba wakishtakiwa, mchapishaji ndiye atakayemtetea na kulipa. Wanangu, mtu anayeomba mwavuli ameshaona wingu.

Muswada uliotokea ulikuwa na kurasa zaidi ya 400 na maingizo 2,437, toka A hadi Z. Bei ilipangwa kuwa dola 24.95, na kitabu kilitarajiwa madukani mwezi Novemba 2007. Mawakili wa Rowling walipopata habari waliandika barua za kutaka kazi isimame. Rowling alikuwa amesema hadharani, tena si mara moja, kwamba anakusudia kuandika ensaiklopidia ya ulimwengu wake na mapato yake kuyatoa sadaka. Mchapishaji hakusimama. Badala yake, na hapa sikilizeni vizuri, aliwaandikia Warner Bros. akilalamika kwamba mfuatano wa matukio kwa tarehe, alioupanga Vander Ark, ulikuwa umetumiwa katika DVD za filamu zao. Yaani hata mkusanyaji alihisi kwamba jasho lake lina mwenyewe! Simlaumu kwa hilo. Kupanga tarehe zilizotawanyika ndani ya maelfu ya kurasa si kazi ya mchezo. Ila angekaa chini dakika tano na kujiuliza: kama tarehe nilizozipanga zinaniuma hivi, aliyezibuni zinamuumaje?

Tarehe 31 Oktoba 2007 Rowling na Warner Bros. walifungua kesi dhidi ya RDR Books katika mahakama ya shirikisho mjini New York.

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi, na kila ninapofika hapa wasikilizaji hugawanyika. Wapo wanaosema Rowling alikuwa tajiri kupita kiasi, angemwachia mkutubi wa watu naye apate riziki. Wapo wanaosema mali ni mali, hata ya tajiri haichukuliwi. Yupo kijana aliyewahi kuniambia, “Lakini alimpa tuzo! Ukinisifu leo, kesho utanishtakije?” Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, na sitaki kuipuuza. Ila kabla hatujaipima, lazima tujue kwanza ni kitu gani hasa mwandishi anakimiliki. Watu wazima wengi hukosea hapa.

Haki ya mtunzi, ambayo kwa sheria tunaiita hakimiliki, hailindi wazo. Mtoto yatima anayegundua kwamba ana nguvu za ajabu ni wazo, na ukilitaka kesho asubuhi lichukue, andika riwaya yako, hakuna atakayekugusa. Kinacholindwa ni vazi ambalo wazo hilo limevikwa: maneno haya, kwa mpangilio huu, yaliyotoka kichwani mwa mtu huyu. Nitawaonyesha kwa mfano nilioubuni mwenyewe, ili nisichukue cha mtu.

Tuseme nimeandika hadithi, na ndani yake nimesema hivi: “Juu ya mnazi wa bandarini analala Mabati, bundi wa jicho moja, na akikohoa taa zote za mji huzimika kama zimepigwa kofi.” Sasa anakuja shabiki wangu, anaandika kamusi ya hadithi zangu. Chini ya herufi M anaweka: “Mabati. Bundi wa jicho moja alalaye juu ya mnazi wa bandarini. Akikohoa, taa zote za mji huzimika kama zimepigwa kofi.” Amefanya nini? Amegeuza mguu wa kwanza ukawa wa pili. Sentensi ni yangu, kofi ni langu, kikohozi ni changu.

Lakini angeweza kuandika hivi: “Mabati. Bundi, anatokea katika sura ya 2, ya 7 na ya 11. Kila anapokohoa, mtu mmoja anauhama mji bila kuaga. Pwani, bundi akilia karibu na nyumba huhesabiwa kuwa mkosi. Hapa mwandishi amempa ubaya mwingine, wa kuwanyima watu mwanga.” Hii ni kazi ya mwingine kabisa. Bundi ni wangu, sikatai. Ila kumfuatilia sura hadi sura, kuona alichokifanya, kumlinganisha na imani za watu, hayo mimi sikuyaandika. Pengine hata sikuyajua. Mtu akiniandikia kamusi ya namna hiyo nitainunua mimi wa kwanza.

Kuna jambo jingine hapo, nalo huwachanganya hata wasomi. Mtu akiandika kitabu cha marejeo kuhusu Mlima Kilimanjaro, atasema kilele kina urefu wa mita 5,895. Hakuna atakayemdai, maana urefu wa mlima haukubuniwa na mtu, ulikuwapo kabla ya kalamu. Lakini rangi ya joka la Rowling haikuwapo popote duniani mpaka siku alipoiandika. Inaonekana kama ukweli, inapangwa kama ukweli, kumbe ni ubunifu mtupu. Mahakama za Marekani zilikuwa zimeshalisema hilo. Kulikuwa na kitabu cha maswali 643 ya chemshabongo kuhusu vichekesho vya televisheni vya Seinfeld. Waliokitoa walijitetea kwamba wameuliza tu habari zilizotokea kwenye kipindi. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa iliwaambia kwamba “habari” hizo zilibuniwa na waandishi wa kipindi, na ikakubali kwamba haki ya wenye kipindi imevunjwa.

Kwa hiyo mkutubi wetu alikuwa katika hali mbaya? Ngojeni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 ina dirisha, tuliite matumizi halali. Kupitia dirisha hilo unaruhusiwa kuchukua kidogo katika kazi ya mtu, bila kumwomba, kama unaitumia kwa uhakiki, kufundisha, utafiti, kuleta kitu kipya. Jaji hupima mambo manne: umechukua kwa ajili gani, kazi uliyochukua ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na je, unamharibia mwenyewe soko lake? Hakuna rula. Anayapima yote pamoja, kama mpishi anavyoonja chumvi, na wawili wanaweza kuonja sufuria moja wakatofautiana.

Basi twende mahakamani. Ni Aprili 2008, kesi ya siku chache, jaji peke yake bila jopo la wananchi. Jina lake Robert Patterson. Rowling alivuka bahari akaja kutoa ushahidi kwa mdomo wake. Alisema kitabu kile ni kuchukuliwa kwa jumla kazi yake ya miaka 17, na kwamba shauri hili lilikuwa limemvuruga hata riwaya aliyokuwa akiiandika ikasimama. Mtu anaweza kuguna: tajiri huyo, riwaya moja ikisimama kuna nini? Mimi sigunii hilo. Anayebuni ulimwengu anaishi ndani yake miaka na miaka kabla ya mwingine yeyote kuingia, na sehemu ya miaka ile Rowling aliiandika akiwa mama mwenye dhiki, akilea mtoto peke yake. Utajiri ulikuja baadaye. Maneno yalikuwa yake tangu siku za dhiki.

Kisha akapanda Vander Ark. Alisimulia jinsi alivyozipenda riwaya zile, na alipofikia kusema jinsi mashabiki wenzake walivyomgeuka tangu kesi ianze, machozi yakamtoka. Watu aliokaa nao miaka minane, waliokuwa wakimpigia makofi, sasa walimwona msaliti. Sidhani alilia kwa uwongo. Kisa hiki hakina mwizi aliyejificha gizani. Kina mtu aliyependa kitu mpaka akashindwa kuona mpaka wake.

Jaji naye alisema jambo la kupendeza. Alisema aliwahi kuwasomea wajukuu wake nusu ya kitabu cha kwanza, na majina na maneno yale ya ajabu yakamshinda kuyafuata. Nyinyi mnaweza kucheka, lakini mkutubi alipaswa kufurahi, maana huo ulikuwa ushahidi kwamba riwaya zile zinahitaji kamusi! Na kabla kesi haijaisha, jaji alizisihi pande zote mbili zikae zipatane. Hazikupatana. Jambo hili linaniuma mpaka leo. Mwaka ule wa 2007 Vander Ark alikuwa ameomba kwa wakala wa Rowling afikiriwe kusaidia kuhariri ensaiklopidia hiyo iliyotarajiwa, akajibiwa kwamba mwandishi ataifanya mwenyewe. Ilikuwa haki yake kukataa, kabisa. Lakini najiuliza kama wangekaa mkeka mmoja siku ile, kahawa katikati, kabla barua za mawakili hazijaanza kuruka, ingekuwaje.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Septemba 2008, kurasa 68. Wengi waliisoma kwenye vichwa vya habari tu wakajua kwamba Rowling ameshinda na kitabu kimezuiwa. Ni kweli. Lakini humo ndani jaji alisema mambo mawili, na la pili linasahauliwa.

La kwanza: kitabu hakikupita dirishani. Vander Ark alichukua mno. Mawakili wa Rowling walileta majedwali, upande huu sentensi za riwaya, upande huu sentensi za kamusi, na zilifanana kama pacha. Mahali pengi hakukuwa na alama za kunukuu, msomaji asingejua maneno haya ni ya nani. Na palipokuwa pabaya zaidi si kwenye riwaya saba. Mwaka 2001 Rowling alikuwa ametoa vijitabu viwili vidogo kwa ajili ya shirika la hisani la Comic Relief, vilivyoandikwa kana kwamba ni vitabu vya shule ya wachawi, kimoja juu ya wanyama wa ajabu, kingine juu ya mchezo wanaoucheza juu ya mifagio. Vile vyenyewe tayari ni maelezo matupu. Ukimchukua mnyama mmoja mmoja na maelezo yake ukamweka kwenye kamusi yako, mwishowe umebakiza nini ndani ya kijitabu? Jalada. Na nani atakinunua tena? Ndiyo maana jaji aliona soko la vijitabu hivyo, ambalo lilikuwa la sadaka, lingeumia.

La pili: jaji alikataa baadhi ya madai ya Rowling. Alisema kamusi ya namna ile, kwa lengo lake, ni kitu kipya. Riwaya inakufanya ucheke na uogope. Kamusi inakusaidia kutafuta. Hakuna mtu atakayesoma orodha ya majoka akaona hana haja ya kusoma riwaya. Na hata kama mwandishi anakusudia kutoa ensaiklopidia yake, hilo halimpi haki ya kuwa peke yake katika soko la vitabu vya mwongozo kuhusu kazi yake. Vitabu vya kuwasaidia wasomaji, alisema, vinafaa kutiwa moyo, visisongwe.

Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayeandika. Ningependa kuwa bwana wa kila neno langu, lakini sitaki kuwa bwana wa kila kinachosemwa juu yangu. Siku mwandishi atakapopewa mamlaka ya kuchagua ni nani aeleze kazi yake, mhakiki mkali atanyamaza kwanza, kisha mwalimu, kisha mwanafunzi mwenye swali.

Na fidia? Chukueni kalamu. Kwa kuwa kitabu kilikuwa hakijaingia sokoni na hakikuwa kimemtia mtu hasara, jaji alichukua kiwango cha chini kabisa cha sheria, dola 750 kwa kila kazi iliyoguswa. Riwaya saba, vijitabu viwili. Mmepata dola 6,750? Ndizo hizo. Kwa kampuni kubwa ya filamu ni pesa ya kulipia chakula cha mchana cha mikutano. Ugomvi huu haukuwa wa kiasi cha pesa.

Hapa ndipo nirudi kwa yule kijana na hoja yake ya tuzo. Kwa miaka saba daftari lilikaa kwenye intaneti, limejaa sentensi zilezile, na Rowling alilipigia makofi. Lilipopewa bei, akashtaki. Je, kosa lilikuwa pesa? Si hivyo moja kwa moja. Gazeti linalochapa uhakiki wa riwaya linauzwa, na mhakiki analipwa. Mwaka 2001 David Colbert alitoa kitabu kueleza viumbe na majina ya Harry Potter vimetoka katika hekaya zipi za kale, kikauzwa, na Rowling hakumshtaki. Kwa hiyo kuuza peke yake si dhambi. Ila kuna mambo ambayo jirani hunyamazia. Watoto wakiokota maembe yaliyodondoka chini ya mwembe wako, unatabasamu, hata unawaita waje na kesho. Mmoja akija na kikapu, akayapeleka sokoni, utatoka nje. Maembe ni yaleyale na mwembe ni uleule. Ukarimu wako wa jana haukuwa hati ya kumpa shamba. Tuzo ile ilikuwa tabasamu la mwenye mwembe.

Lakini Colbert je, mbona alifika sokoni akarudi salama? Kwa sababu kikapu chake hakikuwa na maembe. Kilikuwa na maelezo ya mbegu zilikotoka.

Sasa msinidhanie nasimulia ya Wamarekani tu. Nenda duka lolote la vitabu mjini Mombasa au Nairobi wakati wa kufungua shule. Kitabu kilichowahi kuteuliwa kusomwa shuleni, mathalani tamthilia Bembea ya Maisha ya Timothy Arege au riwaya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kinapouzwa, kandokando yake kuna miongozo, na mara nyingine mwanafunzi ananunua mwongozo akaiacha tamthilia au riwaya yenyewe rafuni. Vuka mpaka uingie Tanzania utakuta vijitabu vya uchambuzi wa Takadini na Watoto wa Mama N’tilie. Sheria zetu nazo zina dirisha. Ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu kuchukua kwa ajili ya uhakiki, ilimradi utaje chanzo. Ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki, chanzo kikitajwa. Mwongozo unaoeleza maudhui, unaopima wahusika, unaosema mwandishi amefaulu hapa na amelegea pale, huo umesimama kwa miguu yake. Unaosimulia upya sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka siri ya mwisho, huo umekaa mgongoni kwa mwingine. Na tofauti na kamusi ya majoka, mwongozo wa namna hiyo kweli unamfanya mtu asiisome kazi yenyewe. Wanafunzi wangu wengi walifanya mtihani kwa njia hiyo. Walifaulu, na hawakumjua mhusika hata mmoja.

Niliwahi kufundisha katika shule moja ya pwani. Binti mmoja wa kidato cha tatu alitengeneza daftari lake la riwaya tuliyokuwa tukiisoma: wahusika wote, mahali, methali, kila kitu kwa alfabeti, mwandiko wa kupendeza. Akalitoa nakala saiba, akawauzia wenzake kwa shilingi hamsini. Nakala thelathini zikaisha kwa siku mbili. Wa darasa jingine wakaja kuuliza. Ndipo mvulana mmoja akasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba huo ni wizi, na binti akaja kwangu analia: “Mwalimu, mimi nimeiba nini? Nimeandika usiku na mchana kwa mkono wangu.”

Sikumjibu. Nilimpa kalamu mbili, nyekundu na ya buluu, tukakaa chini ya mwarobaini na riwaya imefunguliwa mbele yetu. Nilimwambia apige mstari mwekundu chini ya kila sentensi ambayo mwandishi angeitambua kuwa ni yake, hata ikiwa imegeuzwa kidogo, na wa buluu chini ya ile ambayo mwandishi asingeitambua. Tulianza saa tisa. Kufikia saa kumi na moja kurasa zilikuwa zimewiva kama pilipili, nyekundu juu hadi chini. Hakusema neno. Alikuwa mkweli kuliko watu wazima wengi ninaowajua, hakuikwepa hata sentensi moja.

Vander Ark naye alirudi kwenye meza yake. Mchapishaji alikuwa amekata rufaa, kisha akaiondoa Desemba 2008. Muswada ukaandikwa upya, nukuu zikapunguzwa, maelezo yake mwenyewe yakaongezwa, na Januari 2009 kitabu kikatoka kwa amani, jalada lake likisema wazi kwamba hakina idhini ya mwandishi. Hakuna aliyekipeleka mahakamani. Rowling naye aliifungua tovuti ya Pottermore kwa watu wote mwaka 2012, ikiwa na habari mpya za ulimwengu wake, bure kwa kila msomaji.

Na binti wangu wa kalamu mbili? Karibu na mwisho wa daftari, kwenye jina la mama mmoja ambaye ndani ya riwaya anatokea mara chache tu, tulikuta mstari mmoja alioubana pembeni kwa herufi ndogo, kana kwamba anaomba radhi. Aliandika: “Naona mama huyu anaogopa macho ya jirani kuliko njaa.” Tuliitafuta sentensi hiyo katika riwaya, mbele na nyuma, mpaka mwanga ukatuishia. Haikuwamo. Akachukua kalamu ya buluu.